Shemeji wa Bondeni

Rugezi, 10 Novemba 1986

Baba Umuhire,

Sisi tumeamka, na wewe huko kwenye mashamba ya chai tunaomba uwe umeamka. Mama yako yuko hapa kando yangu anachambua maganda ya maharage ya msimu uliopita, na ananiambia andika hivi, andika vile, hata mkono wangu haujui umsikilize nani. Wewe unajua mimi shule niliishia darasa la sita. Nisamehe penye makosa.

Chakula kipo, usiwe na wasiwasi.

Ninaandika kwa sababu ya jambo lililotupata juzi. Asubuhi nilishuka kwenye shamba letu la mtama, lile ulilopanda kabla hujaondoka, nikamkuta korongo ameanguka ukingoni, pale ardhi inapoanza kuwa kinamasi. Korongo mwenyewe, wa taji la dhahabu. Amelala ubavu, miguu imenyooka kama fimbo, anatetemeka mwili mzima kama mtu wa malaria. Mate yanamtoka mdomoni. Umuhire alikuwa mgongoni kwangu, akamnyooshea mkono akacheka. Mimi sikucheka.

Nilirudi mbio kumwita Mama. Alipomwona alivua kilemba. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Ukoo wote wa Wasindi ni ndugu na korongo, na nimeolewa na Wasindi. Shemeji mgonjwa haachwi njiani." Nikamwambia, "Mama, ni ndege." Akanijibu, "Na wewe ni Mgesera, wa ukoo mwingine, utajua nini? Mbebe."

Nilimbeba kwenye kanga ya Umuhire. Mzito kama mtoto mchanga, moyo unapiga kwenye viganja vyangu kama unataka kutoka. Njiani alitapika, na alichotapika ni mtama, punje tupu, nyekundu. Alikuwa anafukua mbegu zako, mwizi yule. Nimemweka jikoni ndani ya kapu kubwa la viazi, nimemfunika macho ili asiogope, na ninamdondoshea maziwa na maji kwa bua.

Mama ananiambia jambo ambalo sitaki kuliandika, lakini anataka uambiwe. Kwamba katika nyumba yenu korongo haji kuugua bure. Kwamba akifia uani, haendi peke yake. Nimemuuliza, "Anaenda na nani?" Amerudi kwenye maharage yake.

Baba Umuhire, ndani ya nyumba hii Msindi ni wewe na mwanao tu. Wewe uko mbali. Nimemtazama mtoto usiku kucha.

Ni mimi mke wako,
Mukamusoni


Mashamba ya chai, 18 Novemba 1986

Mama Umuhire,

Barua yako nimeipokea nikiwa na udongo hadi magotini, nimeisoma nimesimama. Mimi mzima. Huku mvua haina adabu, inaanza kabla ya jogoo.

Nimewasomea wenzangu habari ya korongo. Mmoja kasema, "Bizumuremyi, ndugu yako amelewa pombe ya mtama, mpeni maji ya kunawa uso ataamka." Wamecheka. Mimi nimecheka nao, lakini baadaye nimekaa peke yangu.

Mama hajakudanganya. Nilikuwa mdogo wa kuchunga mbuzi, korongo akaja akafia mlangoni kwetu, kwenye kizingiti hasa. Baba alimzika kama desturi ya nyumba yetu ilivyo. Msimu haukuisha, Baba naye akazikwa. Wapo Wasindi wengine wanaosema hayo ni maneno ya wazee. Wao hawakuwepo mlangoni siku ile.

Kwa hiyo nakuomba, usimwache afe. Wewe una mkono mwepesi, hata mbuzi aliyevunjika mguu ulimsimamisha. Mpe maziwa hata kama mimi nitakunywa maji. Usimwache Umuhire akae naye karibu, lakini pia usimfukuze.

Mtama umeota? Kama korongo na panya wamefukua, ziba mapengo kwa mbegu zilizobaki. Ziko kwenye kile kibuyu kikubwa darini juu ya jiko. Usichelewe, mvua ikikatika zitakufa.

Mwambie Mama nimemsalimu kwa mikono miwili. Ruhusa hawatoi mpaka Krismasi.

Bizumuremyi


Rugezi, 27 Novemba 1986

Baba Umuhire,

Barua yako nilipewa Jumapili baada ya Misa. Unajua desturi ya parokia yetu, katekista anasimama mlangoni na mfuko, anasoma majina, na hampi mtu barua isiyo yake hata ukiwa pacha wake. Aliposoma jina langu nilikuwa wa mwisho kusogea. Nilidhani ni habari mbaya. Tangu siku ile ya korongo kila kitu nakidhani habari mbaya.

Sasa sikia nikupe nzuri. Amesimama! Siku ya kwanza aliinua shingo tu. Kesho yake akanidonoa kidole, nikafurahi mpaka nikalia. Sasa anatembea uani kama padri mgeni, anainua mguu mmoja, anafikiri, ndipo anauweka chini. Umuhire anamfuata kwa kutambaa na yeye anamsogelea, wanatazamana. Mama kila akila, anatenga kipande kwanza anamtupia: "Karibu shemeji, mkubwa wa nyumba ndiye anayeanza." Nimemwambia, "Mama, shemeji yako anakula kunishinda mimi ninayenyonyesha." Kasema, "Wewe ni mke, yeye ni ukoo. Ukitaka kuanza kula, ota manyoya."

Lakini hofu haijaondoka nyumbani. Kuku wawili waliokuwa wanateremka shambani wamekufa. Walianguka vilevile, kutetemeka na mate. Mama hakuturuhusu kula nyamafu, tumewafukia. Jirani yetu Gakwandi alikuja akasimama nje ya ua, hataki kuingia. Aliniambia, "Mama Umuhire, huo ni ugonjwa na umeuleta wewe kwa kanga yako. Wao Wasindi wana mwiko, hawawezi. Wewe si Msindi, mkono wako uko huru. Mnyonge shingo leo kabla hajatumalizia mlima mzima." Nilimwambia nitafikiri. Niliingia jikoni, nikamshika shingo hasa. Ina joto, nyembamba kama mkono wa Umuhire. Sikuweza. Kama nimekosea, kosa langu.

Kuna jambo jingine, na usinikasirikie. Nilikuandikia chakula kipo. Hakipo. Viazi viliozea ardhini kwa mvua hii, na maharage bado ni maua. Tunakula majani ya maboga. Maziwa yangu yanapungua, Umuhire ananyonya analia. Sikutaka uyajue uko mbali, ungefanya nini? Sasa baba yako mdogo Rwabukwisi ametuma habari atakuja kutusalimu Jumapili ya tarehe saba, na siwezi kumwekea mzee wa ukoo majani ya maboga.

Nimeamua nitateremsha kile kibuyu cha darini. Najua anayekula mbegu amekula chakula cha mwakani. Mama amenipa mgongo, na hilo limeniumiza kuliko matusi. Nitatenga kidogo cha kuziba mapengo, nyingine nitasaga, ugali kwa mzee na uji kwa mtoto. Ule mtama una vumbi jekundu linaloganda mikononi, sijui ulikaa wapi, lakini nitauosha kwa maji mawili matatu mpaka uwe safi.

Usihuzunike. Krismasi iko karibu, na maharage yatakomaa.

Ni mimi mke wako,
Mukamusoni


Mashamba ya chai, 4 Desemba 1986

Mukamusoni, USIPIKE.

Usipike ule mtama. Usimpe mtoto. Kama umeusaga mwaga shimoni, osha jiwe, osha mikono, usilambe hata kidole.

Una sumu. Wale wa ushirika wa wakulima walituchanganyia mbegu zetu na dawa ya wadudu na panya, wakaitia rangi nyekundu ili watu wajue. Lakini mtama wetu ni mwekundu tangu babu zetu, nani ataona rangi juu ya rangi ile? Waliniambia nisiwape hata kuku. Mimi nikaupanda, uliobaki nikaupandisha darini, nikaenda zangu. Sikukwambia. Nitakwambiaje usile mbegu? Kwetu kumwambia mwanamke usile mbegu ni kumtukana yeye na mama aliyemlea. Nikaona aibu ya kusema neno ambalo halisemwi.

Korongo hakuwa na ugonjwa. Alikula shambani kwangu. Na kuku vilevile. Barua yako ya kwanza uliniandikia kabisa kwamba alitapika mtama, na mimi nikawasomea watu tukacheka.

Barua hii nampa dereva wa lori la chai anayekwenda kaskazini leo hii. Ameapa ataiacha parokiani Jumamosi. Nimemwambia aipeleke mpaka nyumbani, kasema lori halipandi mlima wetu kwa matope haya. Jumapili katekista atasoma jina lako. Nenda Misa. Nenda Misa hata mgeni akiwa mlangoni. Ee Mungu, mfanye aende Misa.

Nimeomba ruhusa, wamekataa. Nakuja.

Bizumuremyi


Rugezi, 8 Desemba 1986

Baba Umuhire,

Sijui nianze wapi. Nikikwambia utanirudisha kwetu.

Korongo amekufa. Amekufa jana, na ni mimi niliyemlisha.

Jumamosi niliosha mtama, nikausaga nusu juu ya jiwe, Umuhire mgongoni. Kichwa kiliniuma na mikono ikawa inatetemeka, nikasema ni njaa. Jana sikwenda Misa kwa ajili ya mgeni. Mzee Rwabukwisi alifika mapema, amelowa, akamkuta korongo uani akamvulia kofia. Mama akaniambia, "Bado shemeji hajala. Katika nyumba hii hatuanzi." Nilichukua konzi ya punje zilizobaki ndani ya maji, nikammwagia. Alikula zote. Alikula kwa shukrani, akiinua shingo kila mara kunitazama.

Nikaenda kusonga ugali. Uji wa Umuhire ulikuwa umeshaiva, nimeutenga upoe. Nilisikia mabawa yanapiga ukuta. Nilipotoka alikuwa chini, miguu imenyooka, kama siku ile ya kwanza. Safari hii hakukaa sana. Nilimpakata. Alikufa anatazama upande wa bondeni.

Mama alipiga yowe. Mzee Rwabukwisi akasimama akasema maneno ambayo sijawahi kuyasikia tangu niolewe: "Ndugu amelala. Moto usiwake." Wakazima moto. Wakapindua chungu cha ugali na chungu cha uji, vyote shimoni, kwa sababu chakula kilichokuwa motoni Msindi anapokufa hakiliwi. Nilimlilia Mzee kwamba mtoto hajala tangu jana. Akaniambia bila ukali, "Mwanangu, wafiwa hulishwa na majirani. Subiri." Na kweli, jioni hata Gakwandi alileta maharage na maziwa, akasimama nje ya ua akasema, "Poleni na shemeji yenu," na hakuna aliyecheka. Umuhire alikula akashiba.

Tumemzika penye mgomba wa baba yako. Mama hasemi na mimi. Nimemsikia akimwambia Mzee, "Kwa mkono wake alimponya shemeji, kwa mkono uleule akamuua." Sijui nilifanya nini. Nilimpa chakula kilekile cha mtoto wangu.

Sasa nina hofu ambayo hainiachi hata nikinyonyesha. Mlisema haendi peke yake. Umuhire ninamwona, yuko hapa. Wewe sikuoni. Gakwandi anasema jana jina langu lilisomwa mlangoni pa kanisa, kuna barua yangu. Alitaka kuichukua, katekista akakataa. Na mimi ni mtu wa matanga, sitoki uani mpaka Jumapili ijayo. Barua yangu iko kule mlima wa pili, naliona paa la kanisa kutoka hapa, na siwezi kuifuata. Inasema nini? Imeandikwa na wewe, au na mtu mwingine kwa ajili yako?

Jumapili matanga yakianuliwa nitakwenda Misa kuichukua. Kibuyuni umebaki mtama wa kutosha siku hiyo. Nitaupika nikirudi.

Kama uko hai, niandikie neno moja.

Mukamusoni


Njiani, 10 Desemba 1986

Mama Umuhire,

Nimetoroka kazini. Daraja limechukuliwa na maji, watu wamekaa ng'ambo mbili wanatazamana. Kuna masista wana pikipiki wanazunguka kwa barabara ya juu, nimewapigia magoti wakaichukua karatasi hii.

Sina jibu lako. Jumapili imepita. Kila saa ninahesabu mlikuwa mnafanya nini saa ile, na sijui kama ninawahesabu watu au makaburi.

Kama unaisoma hii, basi uko hai, na kama uko hai usipike mtama wa darini. Una sumu. Nasema tena huenda barua ya kwanza haikufika. Una sumu.

Bizumuremyi


Rugezi, 16 Desemba 1986

Baba Umuhire,

Tuko hai. Nimelianza hilo ili ukae chini ndipo usome yaliyobaki.

Jumapili Mzee alitunyunyizia maji ya kuanua matanga alfajiri, nikaenda Misa peke yangu. Mama alibaki na Umuhire. Alikuwa bado hasemi na mimi, lakini nilipofunga kanga alisema, "Nenda usichelewe, utarudi na njaa." Nilifurahi njia nzima kwa maneno hayo.

Barua zako zilisomwa mbili. Niliifungua ya juu pale pale ngazini, ile ndogo ya masista. Nilisoma mpaka penye sumu. Ndipo nikaelewa kwa nini Mama alisema nitarudi na njaa. Alikuwa amenisamehe, alitaka nikute chakula.

Kutoka kanisani mpaka nyumbani ni kushuka bonde lote na kulipanda. Nilijua sitafika kwa wakati. Nilisimama penye jiwe nikapiga yowe, lile la mwizi na la moto. Unajua kwetu yowe halina mwenyewe, anayelisikia lazima alichukue. Nililia, "Chungu! Mwageni chungu kwa Bizumuremyi! Sumu!" Wanawake waliotoka kanisani wakalichukua bila kuniuliza. Likachukuliwa na waliokuwa wanapalilia bondeni. Nilikuwa ninakimbia ninalisikia likinitangulia mlimani, "Chungu kwa Bizumuremyi! Chungu kwa Bizumuremyi!" na nilipokosa pumzi bado lilikuwa linakwenda.

Gakwandi, ambaye hakuwahi kukanyaga ua wetu tangu aanze kuhofia ule ugonjwa, aliruka ua mzimamzima. Akaingia jikoni akapiga chungu teke. Mama alimpiga na mwiko kichwani mara tatu: "Mwendawazimu! Chakula cha mwanangu!" Ana nundu utosini kama yai.

Lakini Umuhire alikuwa ameshapewa. Mama hakuanza kula yeye. Alimpoozea mtoto, akamlisha kwa kidole.

Sitaandika yote. Nilifika nikamkuta ana mate. Mikono midogo inatetemeka vile nilivyoiona miguu ile. Wanaume walimweka kwenye machela, akaenda mikononi mwa watu, bega kwa bega, hakugusa ardhi mpaka zahanati. Sista wa pale alimchoma sindano, akamtapisha, akamchoma tena. Aliniuliza, "Alikula kiasi gani?" Mama akaonyesha kidole chake, akasema, "Mara mbili. Mara ya tatu Gakwandi alikuwa mlangoni."

Usiku ule Mama alikaa chini sakafuni akashika mguu wangu. Mama mkwe, akashika mguu wangu mimi. Alisema, "Ningemwua kwa mapenzi." Nikamwambia, "Mama, hata mimi wiki iliyopita nilikuwa nimeshaupooza uji." Tukalia pamoja mpaka Sista akatufukuza nje.

Jana asubuhi Umuhire amefungua macho, akatafuta titi. Amenyonya. Sista anasema mboni za macho bado ndogo kwa ile sumu, tukae tena hapa, hajasema amepona. Ninaweka sikio kifuani kwake kila nikiacha kuandika. Sasa hivi nimeweka. Kunapiga.

Mama hayupo hapa wakati wa mchana. Amerudi shambani. Makorongo wameshuka tena kwenye mtama wako, na anasimama ukingoni na debe, analipiga, anawafukuza mashemeji zake kutwa nzima mvuani: "Ondokeni! Kwetu hakuliwi! Ondokeni!" Gakwandi amekwenda kumsaidia, na nundu yake. Wanasema tukifika nyumbani tutafukua mbegu zote ambazo hazijaota, moja moja, na mlima wote umeahidi kuja.

Kuhusu neno ulilokosa kuniambia, tutasemezana tukiwa tumekaa, si kwenye karatasi. Nina hasira nawe. Nina hasira, na ninataka kukuona unaingia mlangoni nikiwa nayo.

Barua hii nawapa masista wa pikipiki wakutafute pale darajani. Maji yakiwa bado makubwa, Mama anasema usijaribu darajani, zunguka kwa juu kama masista. Mimi nasema pita utakapopita, ila ufike.

Ni mimi,
Mukamusoni